Je, wajua kwa nini muuza duka wa Kariakoo anapiga cha juu?

Umeingia duka la viatu Kariakoo, umeulizia raba, kijana kakwambia 45,000, mmevutana weee mpaka 38,000, umelipa na roho yako nyeupe kwamba umeshusha. Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, inatoka imeandikwa 30,000. Unamuuliza mbona hapa thelathini, anakujibu "usijali mama, mashine ndo inavyosoma hivyo", anakufungia mfuko haraka haraka na kukushukuru sana.

Ile elfu nane iliyobaki katikati ndo inaitwa cha juu. Mimi nimeila miaka miwili nilipokuwa nauza duka la mtu, leo nina kaduka kangu ka viatu na wadada wawili wananiuzia, kwa hiyo nimeiona pande zote mbili na inaniuma nikiona mabosi wanavyopambana nayo kwa njia ambazo haziwezi kuimaliza.

Inavyoenda ni hivi. Asubuhi bosi anapita au anapiga simu, anakupa bei yake, hiki kisishuke chini ya 30,000, kile 22,000, basi. Haijaandikwa popote kwenye kiatu, iko kichwani kwako tu. Jioni mnafunga hesabu, anahesabu pea zilizotoka anazidisha na bei yake, hela ikitimia hana neno na wewe. Ulichouza juu ya hapo ni chako. Na kama mteja kaletwa na winga, wale vijana wanaokupokea barabarani "dada unatafuta nini nikupeleke", basi cha juu mnagawana au anachukua chote, inategemea mmepatana vipi.

Kwa nini muuzaji anafanya hivyo? Watu wengi wanajibu tamaa. Mimi nilikuwa nalipwa laki na nusu kwa mwezi na 3,000 ya kula, nasimama toka saa mbili asubuhi mpaka saa moja usiku, Jumapili nusu siku. Nauli peke yake na chumba vinamaliza ule mshahara kabla sijanunua hata vocha. Bosi alijua, na siku ananiajiri aliniambia kabisa, "mshahara ndo huo ila hapa mjini hukosi". Yaani cha juu kilikuwa sehemu ya mshahara wangu ambayo bosi hakutaka kuitoa mfukoni kwake, kaniachia niitafute kwa mteja.

Na tuseme ukweli, kinachapisha kazi. Muuzaji mwenye cha juu humkuti anachati, anakuita toka mlangoni, anakupandia mpaka juu ya shelfu kukutolea boksi. Ndo maana bosi anaona amepata mfanyakazi mwenye moto kwa bei rahisi. Ila yule moto wake hauwaki kwa ajili ya duka, unawaka kwa ajili ya ile tofauti ya bei.

Kuna mama mmoja simsahau, ilikuwa Januari shule zinafunguliwa, kaja na watoto watatu anataka viatu vyeusi pea tatu. Bei anaijua kabisa, anakwambia mwanangu nipe kwa 23,000, bei ya bosi ilikuwa 22,000. Pea tatu kwa mpigo, bosi angepata 66,000 yake yote, lakini mimi ningebaki na elfu tatu tu na nyuma yake kulikuwa na mkaka anaangalia raba nyeupe naona kabisa huyu nitapata kumi. Nikamwambia mama saizi zimeisha. Boksi zilikuwa nyuma ya mguu wangu. Akawashika watoto wake mkono akatoka. Bosi mpaka leo hajui kwamba siku ile alipoteza mauzo ya pea tatu, na hakuna daftari lolote ambalo lingemuonyesha.

Hapo ndo hasara ilipo, sio kwenye ile elfu nane. Muuzaji anasukuma chenye cha juu kikubwa na kuficha kinachotembea, namba za wateja wazuri anazo kwenye simu yake na siku akihama anahama nao, na akikosa saizi anakwambia "subiri nikutolee stoo" kumbe anaenda duka la jirani, anauza mzigo wa jirani ndani ya fremu ambayo kodi analipa bosi wake.

Sasa mabosi wakishtuka wanafanyaje? Wanabandika bei, wanafunga kamera, mshahara uko pale pale. Shida hii ya kutoona hela ikiingia ni ya zamani sana, hata ile mashine ya kwanza ya kuhesabu mauzo James Ritty alisajili hataza yake 1879 huko Dayton, Ohio kwa sababu wahudumu wa baa yake walikuwa wanaingiza hela mfukoni. Lakini mashine inakuonyesha kilichouzwa tu. Mama na watoto watatu kamera ingemuona anaingia na kutoka, basi.

Aliyenifungua macho ni Mfaransa mmoja, Aristide Boucicaut. Aliingia ubia wa duka la Bon Marché pale Paris 1852, wakati ambao kuvutana bei dukani ilikuwa kawaida kabisa kama kwetu. Yeye akaweka bei moja kwa kila mtu imeandikwa kwenye bidhaa, kwa hiyo muuzaji hana tena bei ya kuchezea, ila hakumuacha mikono mitupu, akamlipa asilimia ya anachouza, na 1876 akaanzisha mfuko wa akiba wa wafanyakazi unaojazwa na faida ya duka lenyewe. Duka lilikua likawa kubwa ajabu. Aliondoa na akaweka mbadala, sisi tunaondoa alafu tunashangaa dada wa dukani amenuna.

Kwangu nimebandika bei. Nimewapa ruhusa ya kupunguza bei kwa kiasi kisichozidi 2,000 bila kunipigia simu maana mteja wetu asiposhushiwa kidogo anaona ameibiwa. Kila pea inayotoka ina 1,000 yao, wanagawana wote wawili ili wasigombanie wateja mlangoni, na nawalipa kila Jumamosi jioni, mwisho wa mwezi ni mbali mno kwa mtu anayepanda daladala kila siku. Mshahara niliupandisha pia, na mwezi wa kwanza niliogopa kweli kweli.

Na shoti, yaani hela ikipelea kwenye hesabu ya jioni, sikati ovyo. Kuna mabosi hesabu ikipungua 20,000 anakata pale pale, aliyekosea na asiyekosea wote, na wengi hawajui kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, apewe maandishi yanayoonyesha kiasi na kimepatikanaje, apate nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Mtu ukimkata kwa kosa lisilo lake atazirudisha zile hela kwa njia yake, nawaambia kwa sababu nilifanya.

Juzi saa nne asubuhi dada mmoja kanipigia, "bosi, vyeusi vya shule 37 zimebaki mbili na kuna mama kaulizia tatu, nimemwambia arudi kesho, leta." Mimi miaka miwili yote sikuwahi kumpigia bosi wangu simu ya namna hiyo.