Kichanga naye anahitaji mwanasaikolojia

Hapa Kisumu bado wengi huamini mwanasaikolojia ni wa watu wazima waliochanganyikiwa, na kwamba kichanga hana la kumweleza. Si kweli. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 husema kwa mwili: akizidiwa na mwanga au kelele hutanua vidole, hugeuza uso, rangi hubadilika, hata pumzi huyumba. Mwanasaikolojia wa watoto walio hatarini, kama hawa waliozaliwa mapema, husoma dalili hizo na kumwelekeza mama: “Hapo amechoka, mpumzishe kwanza.”

Sehemu kubwa ya kazi, kwa kweli, ni kumshika mkono mzazi. Majaribio ya mwanasaikolojia Mmarekani Edward Tronick miaka ya 1970 yalionyesha kuwa mtoto wa miezi michache tu hufadhaika mama akimtazama kwa uso usio na hisia. Sasa fikiria mama aliyelemewa na sonona (huzuni nzito isiyoisha) baada ya kujifungua, halafu majirani wanamwambia “utazoea tu”. Kauli hiyo inaumiza watu wawili.

Na kazi haiishii wodini. Ugumu wa kusoma au kutulia darasani unaweza kujitokeza miaka baadaye, kwa hiyo baadhi ya watoto hawa hufuatiliwa hadi ujana.