Kitita cha mafao: kwa nini dawa hii bima inalipa na ile unatoa hela mfukoni

Watu wengi wanaofika dirishani kwenye famasi hapa Mwanza na kadi ya bima wanaamini kadi ikiwa hai, kila kilichoandikwa kwenye cheti kimeshalipiwa. Sivyo. Kadi inakuingiza tu. Kinacholipiwa kinaamuliwa na kitita cha mafao.

Kitita ni orodha ya huduma na dawa ambazo mfuko umekubali kumlipia mwanachama wake, pamoja na bei ambayo mfuko utamlipa mtoa huduma kwa kila kimoja. Cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, kiliboreshwa na kuanza kutumika Machi 2024. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo kaya ya watu 6 imekuwa ikichangia Sh 30,000 kwa mwaka, ina kitita chake, chembamba zaidi. Kwa hiyo jirani akipewa dawa bure na wewe ukadaiwa, usidhani umeonewa kabla hujajua kila mmoja ana kadi gani.

Panapoumiza watu zaidi ni kwenye majina. Dawa ina jina la asili, halafu kila kampuni inaipa la biashara. Mzee ametoka Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa meli, ametibiwa presha, cheti kimeandikwa Norvasc. Anaambiwa alipie.

"Mwanangu, si nina bima?"

"Unayo, baba. Hili ni jina la kampuni. Dawa yenyewe inaitwa amlodipini, na hiyo bima inalipa. Ngoja nimpigie daktari akubali tubadilishe."

Kiambata ni kilekile na kazi ni ileile. Naona ni wajibu wa mfamasia kusema maneno hayo kabla hajataja bei, kwa sababu mgonjwa wa presha anayekosa hela huondoka bila dawa, na presha haimsubiri.

Kuna pia suala la ngazi. Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu inaonyesha kila dawa inaanzia kituo cha ngazi gani. Dawa ya kibingwa inayotolewa hospitali ya rufaa ya Bugando inaweza isilipiwe ikiandikwa zahanati.

Na hospitali ikiishiwa dawa iliyomo kwenye kitita? Usikimbilie kununua. Mwanachama wa NHIF aombe fomu 2C, ijazwe na kugongwa muhuri hapo hospitalini, kisha aipeleke famasi yenye mkataba na mfuko. Famasi isiyo na mkataba itakudai hela hata fomu ikiwa sahihi, kwa kuwa haiwezi kuudai mfuko malipo hayo.

Maswali yenyewe yaulizwe ukiwa bado umekaa mbele ya daktari: dawa hii imo kwenye kitita changu? Umeandika jina la asili? Kama haimo, ipo nyingine ya kundi hilo inayolipiwa? Daktari akiwa na kalamu mkononi, kubadilisha ni jambo la dakika moja. Ukishavuka kurudi Ukerewe, ni nauli nyingine.