Masta ya wimbo ni nini, na ni ya nani?

Msanii anapolalamika kwamba masta zake ziko kwa lebo, yaani kampuni ya muziki, anazungumzia umiliki wa rekodi yenyewe: ile sauti iliyokamilika, biti na vokali zikishafanyiwa miksi, ambayo ndiyo inayosikika redioni, YouTube na Boomplay.

Ngoma moja ina mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani melodi na mashairi, na kuna rekodi, ambayo ndiyo masta. Chukua "Malaika". Fadhili William aliurekodi Nairobi miaka ya 1960, baadaye Miriam Makeba akauimba, Boney M. wakauimba, Angélique Kidjo naye akauimba. Utunzi ni ule ule, masta ni nyingi, na kila moja ina mwenyewe. Ule ubishi wa miaka mingi, kwamba mtunzi ni Fadhili au ni Mtanzania Adam Salim, ulihusu utunzi tu. Rekodi ya Boney M. haikuwa ya yeyote kati yao.

Sasa njoo studio. Kijana anaingia na kiitikio alichojirekodi kwa simu. Prodyuza anampigia biti tatu nne, wanachagua moja, vokali zinaingia, usiku kucha. Kesho yake faili linatumwa WhatsApp na ngoma inaachiwa. Masta ni ya nani? Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humtazama aliyefanya mipango ya rekodi kufanyika. Kuimba peke yake hakukupi masta, na kukaa kwenye kompyuta nako hakukupi. Kijana akiwa ndiye aliyelipia studio, ana hoja nzito. Lebo ikiwa ndiyo iliyogharamia studio, video na promo, mkataba wake karibu kila mara utasema masta ni ya lebo. Prodyuza akirekodi bure kwa ahadi ya "tutaelewana mbele ya safari", hapo pameshaharibika, maana huko mbele ya safari ndiko ngoma inakohiti na kila mtu anaanza kukumbuka alichochangia.

Anayesambaza ngoma mtandaoni hujaza fomu yenye sehemu ya mwenye rekodi, na wengi hubandika jina lao la kisanii bila kuwaza. Rekodi hiyo hupewa ISRC, namba ya kuitambulisha yenye herufi na tarakimu 12. Remiksi ni rekodi nyingine, hivyo hupata namba yake. Pesa za rekodi humfikia kwanza mwenye masta, kisha msanii hupewa asilimia iliyoandikwa kwenye mkataba. Mirabaha ya utunzi, yaani malipo ya mtunzi wimbo unapotumika, ina njia yake nyingine.

Ndiyo maana Taylor Swift, masta za albamu zake sita za kwanza zilipouzwa mwaka 2019, aliweza kurudi studio na kuanza kuzirekodi upya. Utunzi ulikuwa wake, kwa hiyo alitengeneza masta mpya za nyimbo zile zile, na albamu nne zikatoka kati ya 2021 na 2023. Lakini alilazimika kusubiri kwanza, kwa sababu mikataba ya lebo kwa kawaida humzuia msanii kurudia nyimbo zake kwa miaka kadhaa. Kipengele hicho hukaa kurasa za ndani, mbali na ukurasa wa asilimia ambao kila mtu huufungua kwanza.