Je, wajua kwa nini aliyeruka zaidi kwenye barafu anaweza kushindwa?

Katika Olimpiki ya majira ya baridi iliyofanyika Vancouver, Kanada, mwezi Februari 2010, katika mashindano ya wanaume ya kuteleza kisanii kwenye barafu, Mrusi Evgeni Plushenko aliruka, akajizungusha mara nne hewani na kutua kwa mguu mmoja, jambo ambalo mpinzani wake Mmarekani, Evan Lysacek, hakulijaribu hata mara moja. Hata hivyo, medali ya dhahabu ilikwenda kwa Lysacek, kwa alama 257.67 dhidi ya 256.36. Plushenko hakuficha kinyongo chake. Alidai kwamba mchezo wa wanaume usio na mruko wa mizunguko minne unageuka kuwa dansi tu. Tangu hapo imezoeleka kusimuliwa kwamba siku ile usanii uliibwaga nguvu. Simulizi hiyo ni tamu, ila karatasi za majaji zinaikana.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, barafu tunayoifahamu ni ile ya Juni na Julai, inayolala juu ya nyasi za Kitulo na kuyababua majani ya viazi kule Makete kana kwamba yamepitiwa na moto. Uwanja wa kuteleza hatuna. Kwa hiyo, wanaume wenye suruali za kung'aa wanapotokea kwenye runinga ya saluni ya kunyolea pale Mwanjelwa, wateja hugawanyika mara moja: wapo wanaosema huo ni unenguaji, na wapo wanaohesabu mizunguko kwa vidole na kukosana hesabu. Mimi nimeona kwamba kiti cha kinyozi chenyewe kinaweza kuamua nusu ya ubishi huo. Kaa juu yake, shika chupa ya maji iliyojaa katika kila mkono, nyoosha mikono pembeni, kisha mwombe mtu akuzungushe taratibu. Ukiikunja mikono kifuani, kiti kitaongeza kasi ghafla bila mtu kukigusa, na ukiinyoosha tena kitapunguza.

Mtelezaji hufanya hivyohivyo akiwa hewani. Anaanza kujizungusha tangu anapoondoka kwenye barafu, kisha anajibana, mikono kifuani na miguu imepishana, awe mwembamba kama pia ya mti, kwa sababu kadiri mwili unavyokusanyika karibu na mhimili wake ndivyo unavyozunguka upesi. Muda alionao ni mfupi mno. Anayepanda sentimita 60 hivi hukaa hewani kwa takriban sekunde 0.7, na ndani ya kufumba na kufumbua huko anatakiwa amalize mizunguko minne, afungue mikono ili apunguze kasi, na atue kinyumenyume juu ya bapa la chuma lenye unene wa milimita chache. Goti na kifundo cha mguu mmoja hupokea kishindo kinachozidi uzito wa mwili wake mara kadhaa. Anayeuita mchezo huu unenguaji hajawahi kuteleza kwenye tope la Tukuyu na kujaribu kubaki wima.

Sasa turudi kwenye alama. Hadi mwanzoni mwa karne hii, majaji walitoa alama zisizozidi 6.0, na mizani hiyo ilivunjika baada ya kashfa ya upangaji wa matokeo katika mashindano ya jozi ya Olimpiki huko Salt Lake City mwaka 2002. Mfumo uliofuata hukokotoa kila kitendo peke yake. Kila mruko una thamani yake ya awali, kisha majaji huongeza au kupunguza kulingana na ubora wa utekelezaji. Kando ya hapo kuna alama za usanii, zinazohusu mpangilio wa onyesho, uwasilishaji na ustadi wa kuteleza wenyewe.

Kila mtelezaji huwa na maonyesho mawili, fupi na refu, na alama zake hujumlishwa. Karatasi za onyesho refu la Vancouver zinashangaza. Katika alama za usanii, Plushenko na Lysacek walipata sawasawa kabisa: 82.80 kila mmoja. Usanii haukumshinda mtu yeyote usiku ule. Tena thamani ya awali ya vitendo vyao ilikaribiana mno, 75.03 kwa Plushenko na 74.93 kwa Lysacek, licha ya ule mruko wa mizunguko minne, kwa sababu Mmarekani alipanga miruko mingi zaidi katika nusu ya pili ya onyesho, wakati miguu imechoka na kanuni za wakati ule zilitoa nyongeza ya asilimia 10. Kilichowatenganisha ni ubora wa utekelezaji: Lysacek aliongezewa alama 9.64, Plushenko 7.68. Kwa maneno mengine, asiyeruka mara nne alishinda katika upande uleule wa ufundi ambao watu wanauita upande wa nguvu. Plushenko alitua, ndiyo, lakini zaidi ya mara moja alitua mwili ukiwa umelala upande, na kwa hilo majaji hawakumpa nyongeza kubwa.

Baada ya malalamiko ya mwaka ule, kanuni zilipandisha thamani ya miruko ya mizunguko minne, na vijana wakaelewa somo haraka. Mwaka 2018, katika Olimpiki ya PyeongChang, Nathan Chen wa Marekani, aliyekuwa ameharibu onyesho fupi hadi nafasi ya 17, alijaribu miruko sita ya namna hiyo katika onyesho moja na kupanda hadi nafasi ya tano. Mwezi Septemba 2022, huko Lake Placid, Ilia Malinin akiwa na umri wa miaka 17 akatua mruko wa Axel wa mizunguko minne, ambao kwa kweli ni minne na nusu, kwa kuwa Axel ndio mruko pekee unaoanza mtu akitazama mbele.

Hapa ndipo ninapoona kasoro ya mfumo wenyewe. Alama za usanii zina dari; kwa wanaume, onyesho refu haliwezi kuleta zaidi ya 100 hivi, hata mtu ateleze kama malaika. Miruko nayo imewekewa kikomo cha idadi, lakini thamani yake hupanda kila mara mtu anapoongeza mzunguko: mruko uitwao Lutz, ukiwa wa mizunguko mitatu, una alama 5.9, wa minne una 11.5. Jason Brown wa Marekani, ambaye wengi humhesabu miongoni mwa watelezaji wenye usanii mkubwa kuliko wote wa kizazi chake, alikwenda Olimpiki ya Beijing mwaka 2022 bila mruko hata mmoja wa mizunguko minne na akaondoka na nafasi ya sita. Dari alilikaribia, pa kuongezea palikuwa hapana.

Wanaocheza ngoma ya mganda kule Ludewa, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, wangeshangaa kuambiwa wachague kati ya viwili hivi. Wanaume hupangana mistari, hupiga hatua kama gwaride, na goti linaloinuka kwa kuchelewa huonekana na kijiji kizima. Nguvu ya hatua na uzuri wa hatua ni kitu kimoja.

Kanuni za barafu zinaukubali ukweli huo pale tu majaji wanapopima ubora wa mruko, kwa kuwa tangu mwaka 2018 wanaweza kuongeza hadi nusu ya thamani yake au kuipunguza kwa nusu. Wanatazama kimo, utuaji, jinsi mtelezaji alivyouingia mruko, na iwapo unaendana na muziki. Mjapani Yuzuru Hanyu, bingwa wa Olimpiki wa 2014 na 2018, alikuwa akiuingia mruko wa Axel wa mizunguko mitatu akija kinyumenyume, anageuka kutazama mbele juu ya mguu uleule na papo hapo anaruka, bila ule mwendo mrefu wa kujiandaa unaomtangazia mtazamaji kwamba jambo linakuja. Thamani ya awali ya mruko huo ni 8.0. Ukitekelezwa kwa ukamilifu, hufika 12.0, yaani zaidi ya Lutz ya mizunguko minne iliyotuliwa bila kosa na bila pambo. Aliyeanguka kwenye Lutz hiyohiyo, baada ya kukatwa nusu na kupunguziwa alama moja ya kuanguka, anabaki na 4.75.