Tarehe iliyo kwenye kopo la dawa imehesabiwa pamoja na joto

Kila msimu wa joto, kuanzia Desemba hadi Machi, ofisi yetu ya ukaguzi wa dawa hupokea malalamiko ya namna moja. Mwenye duka la dawa anaandika kwamba wakaguzi wamezuia makopo yake ilhali muda wake wa matumizi bado haujaisha, mengine yamebakiza mwaka na zaidi. Anauliza kwa haki kabisa: kama tarehe haijafika, kosa liko wapi? Naamini wengi wanaoandika barua hizo ni watu wema waliotoa mtaji wao halali. Ndiyo maana nimeona niijibu hoja hii kwa hesabu yenyewe, kwa sababu kauli ya "ndivyo utaratibu ulivyo" haijawahi kumridhisha mtu aliyepata hasara.

Chini ya tarehe ya kuisha muda huwa kuna maneno kama "Hifadhi pasipozidi nyuzi joto 30". Watu husoma tarehe wakaliacha sharti, kumbe viwili hivyo ni kauli moja. Mtengenezaji anasema: ukiihifadhi katika joto hili, kiambato hai, yaani kile kinachotibu, kitabaki ndani ya kiwango kinachokubalika hadi siku hii. Ukibadilisha joto, hajakuahidi chochote.

Uhusiano wa joto na kasi ya mmenyuko wa kemikali uliwekwa wazi na Msweden Svante Arrhenius mwaka 1889. Kwa viwango viwili vya joto, kanuni yake huandikwa hivi:

ln(k₂/k₁) = (Ea/R) × (1/T₁ − 1/T₂)

Hapa ln ni logi asilia (ya kizio e, takriban 2.718), k ni konstanti ya kasi, yaani namba inayoonyesha mmenyuko unakwenda haraka kiasi gani, R ni 8.314 J kwa moli kwa Kelvini, T ni joto kwa Kelvini (nyuzi za Selsiasi ukijumlisha 273.15), na Ea ni nishati ambayo molekuli zinapaswa kuwa nayo ili mmenyuko uanze. Ifikirie Ea kama kilima kati ya dawa nzima na dawa iliyoharibika. Joto halikipunguzi kilima hicho. Linaongeza idadi ya molekuli zenye nguvu ya kukivuka.

Tuchukue dawa yenye Ea ya 83.144 kJ kwa moli. Namba hii ndiyo inayotumika kwa kawaida katika udhibiti wa dawa pale ambapo Ea halisi ya dawa haijulikani, na ina faida moja: ukiigawa kwa R unapata 10,000 karibu kamili. Dawa ilipaswa kukaa kwenye nyuzi 30, imekaa kwenye 40.

T₁ = 303.15, kwa hiyo 1/T₁ = 0.0032987
T₂ = 313.15, kwa hiyo 1/T₂ = 0.0031934
Tofauti = 0.0001053
Ukizidisha kwa 10,000 = 1.053
k₂/k₁ = e kwa kipeo cha 1.053 = 2.87

Kwa hiyo uharibifu umekwenda karibu mara 3 ya kasi iliyotarajiwa. Kwa dawa inayoharibika kwa mmenyuko wa daraja la kwanza, yaani ule ambao kasi yake hulingana na kiasi cha dawa kilichobaki, muda wa kupoteza asilimia 10 ya kiambato hai ni 0.105 ukigawa kwa k. Ikiwa kwenye nyuzi 30 ingechukua miezi 24 kufika hapo, kwenye nyuzi 40 itafika ndani ya miezi 8 na siku chache, na wakati huo kopo bado litaonyesha tarehe ya mbele kabisa.

Makosa mawili kwenye hesabu hii nakutana nayo mno, hata kwa wanafunzi wa famasi. La kwanza ni kuacha joto kwenye Selsiasi. Ukiweka 30 na 40 badala ya Kelvini utapata jibu lenye tarakimu 37, na kwa kuwa linashangaza, mtu hujirudi mwenyewe. La pili ni baya zaidi kwa sababu halishtui: kuweka Ea kwa kilojuli huku R ikiwa kwa juli. Uwiano unatoka 1.001, na mtu anaondoka akiamini kwamba joto halina madhara. Tafadhali, badilisha kilojuli kuwa juli kabla hujagusa kikokotoo.

Halafu kuna ile kanuni ya mdomoni kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka, kasi huwa mara mbili. Tuipime. Weka ln 2, yaani 0.693, upande wa kushoto, kisha utafute Ea kati ya nyuzi 30 na 40: 0.693 × 8.314 ÷ 0.0001053 inakupa takriban 54,700 J, yaani karibu 55 kJ kwa moli. Kwa hiyo kanuni hiyo ni kweli kwa mmenyuko wenye Ea ya karibu 55. Dawa yenye Ea ya 120 huharibika zaidi ya mara 4.5 kwa nyongeza hiyo hiyo. Msinukuu "mara mbili" kana kwamba ni sheria ya maumbile.

Jambo linalozua ubishi mkubwa zaidi ni wastani. Mwenye duka anatuonyesha daftari: alfajiri nyuzi 25, mchana 39, kwa hiyo wastani ni 32, "nimezidisha nyuzi 2 tu." Hesabu ya wastani wa kawaida ni sahihi, lakini dawa haifuati wastani wa kawaida, kwa kuwa saa za joto huharibu zaidi kuliko saa za ubaridi zinavyookoa. Mwaka 1971 J. D. Haynes alipendekeza kipimo kinachozingatia hilo, na hadi leo ndicho tunachotumia: unatafuta joto moja ambalo, kama lingekaa bila kubadilika, lingeharibu dawa kiasi kile kile. Kwa duka letu lenye saa 12 za nyuzi 25 na saa 12 za nyuzi 39, jibu ni nyuzi 34.3. Ukilirudisha kwenye kanuni ya Arrhenius dhidi ya 30, kasi ni mara 1.58. Kopo lililoingia dukani likiwa na miezi 14 mbele yake litatumia muda huo wote kwa miezi 9 hivi, na hapo tumechukulia kwamba bandarini, kwenye lori na ghalani lilitunzwa vizuri.

Nimesikia pia hoja kwamba viwanda hujaribu dawa kwenye nyuzi 40 kwa miezi 6, kwa hiyo dawa inavumilia stoo ya bati. Jaribio hilo lipo, na hufanyika kwenye unyevu wa asilimia 75. Lakini piga hesabu: miezi 6 mara 2.87 ni sawa na miezi 17 kwenye nyuzi 30. Haifiki hata hiyo miezi 24. Jaribio linampa mtengenezaji makadirio ya awali, naye analazimika kuendelea na jaribio la muda mrefu kwenye joto la kawaida la kuhifadhia. Halimpi muuzaji ruhusa ya kuhifadhi kwenye nyuzi 40.

Kwa upande wa pili, mama aliyesahau vidonge kwenye gari kwa saa 8, ndani mkiwa nyuzi 45, asikimbilie kuvitupa. Kwa Ea ile ile, kasi ni mara 4.7, kwa hiyo saa 8 zimetumia kama saa 38 za muda wa dawa. Ni hasara ndogo, ili mradi haijawa desturi. Ila hesabu hii haihusu insulini, chanjo wala oksitosini. Hizo kwa kawaida ni za nyuzi 2 hadi 8 kabla ya kufunguliwa. Zaidi ya hapo, insulini na chanjo kadhaa huharibika zikiganda, jambo ambalo kanuni ya Arrhenius haiwezi kabisa kulibashiri. Wanaoweka kila dawa kwenye friji wakidhani wameongeza usalama wanakosea vilevile: unyevu unaotunga kwenye kopo likitolewa nje ni adui wa vidonge na kapsuli.

Sasa kuhusu tunachotazama tukija. Kila chumba cha dawa kiwe na kipimajoto chenye cheti cha uhakiki ambacho hakijapitwa na muda. Kining'inizwe usawa wa rafu, mbali na mlango, feni na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Kisomwe mara 2 kwa siku: asubuhi unapofungua, na kati ya saa 8 na saa 9 mchana. Andika tarehe, saa, kipimo na sahihi ya aliyesoma. Kipimo kikizidi kikomo, andika na hatua uliyochukua, hata kama ni kufungua madirisha tu. Ukurasa wa mwezi mzima uliojazwa 25, 25, 25 kwa wino mmoja na mkono mmoja tunautambua, na ni afadhali mara mia ukurasa unaokiri nyuzi 36.

Dawa iliyozidi kikomo kwa muda mrefu huwekwa karantini kwa fomu yenye nakala, nakala moja ibaki kwako. Huruhusiwi kuiuza, kuirudisha kwa msambazaji wala kuihamishia tawi jingine hadi upate jibu la maandishi. Ikionekana haifai, huteketezwa mbele ya wasimamizi kwa gharama ya mwenye mali, naye hupewa cheti. Kosa la mara ya kwanza linaloweza kurekebishwa mara nyingi huishia kwenye onyo la maandishi lenye siku za marekebisho. Likirudiwa, duka linaweza kufungiwa. Kughushi daftari au kuuza kilichozuiwa ni suala la kufikishwa mahakamani, na huko ofisi yetu haina tena uwezo wa kukusaidia.

Nisisitize jambo moja ili nisinukuliwe vibaya. Hesabu hizi ni za kuelewa kwa nini joto linapunguza muda. Haziruhusu mtu yeyote kurefusha tarehe kwa kuwa alihifadhi kwenye nyuzi 20, wala kumwamulia mgonjwa kwamba kopo fulani lingali zima. Uamuzi huo unahitaji Ea ya dawa husika na vipimo vya maabara.

Mzigo ukikufikia kwenye buti la basi ukiwa wa moto mkononi, usiupange rafuni kwanza ndipo ulalamike. Andika saa uliyopokea, pima joto ndani ya boksi, utenge, kisha mpigie msambazaji na ofisi ya kanda siku hiyo hiyo. Mzigo ambao haujasainiwa kuwa umepokelewa salama kwa kawaida bado ni hasara ya aliyeusafirisha.