Kioo cha usalama si kioo kisichovunjika

Kioo cha roshani kikipasuka kwenye jengo refu, maneno huwa yaleyale: "Mbona tuliambiwa ni kioo cha usalama?" Anayeuliza huwa na hasira, na anayejibu, awe msimamizi wa jengo au fundi, hujibu kana kwamba limetokea jambo lisilowezekana. Wote wawili wameshikilia maana ambayo jina hilo halijawahi kuwa nayo. Nimeyasikia haya mara nyingi mno, na safari hii nimeyasikia kwa watu wanaoamua vioo vya kuweka kwenye roshani za jengo zima. Ndiyo maana naandika.

Kwa kifupi, kioo cha usalama ni kioo ambacho, kikivunjika, hakimjeruhi mtu kama kioo cha kawaida kinavyomjeruhi. Basi. Kioo cha kawaida cha dirisha huacha vipande virefu vyenye makali ya kisu. Kioo chochote kilichotengenezwa ili kisiache vipande vya namna hiyo kinastahili jina. Jina linaeleza namna ya kuvunjika tu. Kama kitavunjika au hakitavunjika, hilo ni swali jingine kabisa.

Fujo huanzia hapa: jina hilo moja limebeba vioo vya aina mbili, na kila kimoja kina usalama wa namna yake.

Cha kwanza ni kioo kilichokazwa kwa moto, ambacho mafundi hukiita tempa. Kioo cha kawaida hukatwa kwa vipimo vyake, hutobolewa matundu yote yatakayohitajika, husuguliwa kingo, kisha huingizwa kwenye tanuri hadi kifike nyuzi 600 na ushei. Kikitoka hupulizwa hewa ya baridi kwa nguvu pande zote mbili. Uso huganda kwanza, kiini kikiwa bado cha moto. Baadaye kiini nacho kinapopoa hutaka kusinyaa, lakini uso umeshakauka na hausogei. Hivyo uso hubaki umebanwa na kiini hubaki kimevutwa, kwa maisha yote ya kioo hicho. Kioo huanza kuvunjika pale ufa mdogo wa usoni unapovutwa ukafunguka, na ufa uliobanwa haufunguki kirahisi. Ndiyo sababu tempa huhimili mzigo mara 4 hadi 5 ya kioo cha kawaida chenye unene uleule.

Watu wengi husikia hizo mara 4 hadi 5 na kuishia hapo. Lakini mvutano uleule unaokipa kioo nguvu ndio unaokimaliza. Wazungu waliuona mchezo huu tangu karne ya 17 katika kile kinachoitwa tone la Prince Rupert. Tone la kioo kilichoyeyuka hudondoshwa kwenye maji baridi, likawa na kichwa cha mviringo na mkia mwembamba. Kichwa hugongwa kwa nyundo kisivunjike. Mkia ukikatwa kidogo tu, tone zima hulipuka likawa unga, kichwa na vyote. Ilichukua zaidi ya miaka 200 kuligeuza jambo hilo kuwa bidhaa: mwaka 1874 Mfaransa François Royer de la Bastie alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kukaza kioo kwa kukitumbukiza, kikiwa cha moto, ndani ya mafuta. Leo tunatumia hewa badala ya mafuta, lakini tabia ni ileile. Ufa ukipenya uso uliobanwa na kufika kwenye kiini kilichovutwa, nguvu yote iliyofungiwa hutoka kwa mkupuo na kioo kizima hupukutika vipande vidogo kama punje. Hiyo si kasoro ya kiwanda. Ndivyo kilivyokusudiwa kuvunjika, na kwa mtu aliyekigonga kwa bega kwenye mlango wa bafu ni neema kubwa.

Kwa hiyo tempa haikatwi wala haitobolewi baada ya kutoka tanurini. Anayetoboa tundu la kufungia kamba ya nguo kwenye kioo cha roshani hatapata tundu, atapata rundo la punje. Tena, moto haukifanyi kioo kuwa kigumu kukwaruzwa wala kuwa kigumu kupinda: mchanga hukichora kama unavyochora kioo kingine, na ukikiegemea hupinda sawasawa na kioo cha kawaida cha unene huo. Na udhaifu wake mkubwa uko kwenye kingo na pembe. Katikati kinaweza kupokea kishindo kikasimama, kisha kikavunjwa na kibanduko kidogo tu kwenye pembe yake, kwa sababu mpira wa kishikizo umechakaa na chuma sasa kinagusa kioo.

Kuna pia kuvunjika kunakoonekana hakuna sababu, usiku, hakuna mtu wala upepo. Mara nyingine chanzo ni chembe ndogo ya salfidi ya nikeli (nikeli iliyoungana na salfa) iliyonaswa ndani ya kioo kilipotengenezwa. Chembe hiyo ina umbo moja inapokuwa juu ya nyuzi 379 na umbo jingine chini yake, na hilo la pili huchukua nafasi kubwa zaidi kwa asilimia 2 hadi 4. Kioo cha kawaida hupoa polepole, chembe ikapata muda wa kubadilika humo humo kiwandani. Tempa hupozwa ghafla, hivyo chembe hunaswa katika umbo la moto na huendelea kubadilika pole pole kwa miezi au miaka, ikisukuma kutoka ndani, hasa ikiwa imekaa kwenye eneo lililovutwa. Viwanda makini hupasha tempa joto tena, nyuzi 260 hadi 290 hivi, kwa saa kadhaa, ili vioo vyenye chembe hizo vivunjikie kiwandani. Jaribio hilo hupunguza hatari sana, ila haliimalizi.

Cha pili ni kioo cha tabaka, au lamineti: vioo viwili au zaidi vilivyogandishwa pamoja na plastiki katikati, mara nyingi ile iitwayo PVB. Asili yake ni Mfaransa Édouard Bénédictus, aliyeona mwaka 1903 kwamba chupa ya maabara iliyoanguka ilipasuka lakini haikusambaratika, kwa sababu ndani ilikuwa na utando wa selulosi uliokauka. Hataza yake ni ya mwaka 1909. Kioo cha mbele cha gari ni cha namna hii. Kikipasuka huwa na nyufa tele, lakini vipande hubaki vimeshikwa na plastiki.

Sasa rudi kwenye roshani. Ukingo wa roshani kazi yake ya kwanza ni kumzuia mtu asianguke, na ya pili ni kutomwangushia kitu aliye chini. Tempa ya tabaka moja ikivunjika huondoka yote. Punje zake hazikati vibaya, lakini mahali palipokuwa na ukingo sasa pana uwazi, na punje hizo mara nyingi huanguka zikiwa zimeshikana kwa mafungu mazito. Kutoka ghorofa ya 20, fungu kama hilo si salama kwa yeyote. Usalama wa tempa ni wa aliyekigusa kioo. Usalama wa lamineti ni pamoja na wa aliyekiegemea na anayepita chini. Hii ndiyo tofauti inayomezwa na jina moja, na naona ni vibaya kuwauzia watu nyumba za juu angani bila kuwaeleza.

Mwaka 2011 mjini Toronto, Kanada, vioo vya roshani vilianguka barabarani kutoka majengo marefu kadhaa. Serikali ya jimbo la Ontario ikabadilisha kanuni za ujenzi kuanzia Julai 2012: kioo kilichoko kwenye ukingo wa sakafu ya roshani, au nje yake, kiwe lamineti ya vioo vilivyokazwa nusu; kilichoingia ndani kidogo kiwe lamineti hiyo hiyo, au tempa iliyopita jaribio la joto.

Hapo kwenye "vilivyokazwa nusu" ndipo hata mafundi hukwama. Kioo cha kukazwa nusu hupozwa taratibu zaidi, kikapata nguvu takriban mara 2 ya cha kawaida, na kikivunjika huacha vipande vikubwa. Peke yake, basi, hakiitwi kioo cha usalama. Lakini ndani ya lamineti vipande hivyo vikubwa ndivyo vinavyofaa, kwa sababu hushikamana na kubaki wima. Lamineti ya tempa mbili, zote zikivunjika, inaweza kulegea na kujikunja kama shuka lililolowa, hasa plastiki yake ikiwa laini.

Kujua ulicho nacho si vigumu sana. Tempa kwa kawaida huwa na muhuri wa kudumu kwenye pembe. Lamineti, ukingo wake ukionekana, huwa na mstari katikati ya unene. Ukivaa miwani ya jua inayokata mng'ao ukaona madoa madoa kwenye kioo, umejua kimepitia moto, ila hujajua kama kina tabaka. Wapo wanaobandika utando wa plastiki juu ya tempa na kutangaza kuwa imekuwa lamineti. Haijawa. Utando kwa kawaida haushikwi na fremu, na kioo kikivunjika unaweza kushuka nacho kizima.

Matunzo nayo hufuata aina. Lamineti huharibiwa na unyevu ukingoni: angalia weupe kama ukungu unaoingia ndani, na hakikisha matundu ya kutolea maji kwenye mfereji wa alumini wa chini hayajaziba. Usiruhusu silikoni yenye harufu ya siki iguse ukingo wake, kwani hushambulia plastiki. Ipo silikoni isiyo na asidi. Tempa usiikwangue kwa wembe. Kwa zote mbili, maji, sabuni laini na kitambaa vinatosha, na maji yanayochuruzika kutoka kwenye zege jipya yaoshwe mapema, maana hula kioo. Ukiona mpira wa kishikizo umetoka, au kioo kinachezacheza, au pembe imebanduka, mwambie msimamizi kabla hujajaribu kukaza skrubu mwenyewe. Katika majengo mengi ukingo wa roshani ni mali ya wote, hata kama roshani unaitumia wewe peke yako.

Kwa hiyo tunapokaa kikao kuamua vioo vya jengo, badala ya kusema vioo vyetu ni vya usalama, tuseme ni vya aina gani: tempa ya tabaka moja, iliyojaribiwa kwa joto au la, ama lamineti, na ya vioo gani. Msimamizi asipojua, aombe cheti cha kiwanda. Na fundi akisema "ni cha usalama, hakivunjiki," mwulize kwa upole kikivunjika kitabaki wapi.