Kuingia Si Kukaa: Dhana Potofu Kuhusu Nati za Paipu za Breki kwenye Gari za Zamani

"Fundi, nati imeingia vizuri tu, ila inavuja." Maneno haya nayasikia gereji mpaka nimeyachoka. Anayeyasema mara nyingi amenunua Land Rover ya mnada, au amerithi pick-up ya kubebea zabibu kutoka Hombolo. Paipu ya breki imeoza, fundi wa mtaani kwake amepekua kopo la nati kuukuu mpaka akapata moja iliyokubali kuzunguka, na sasa mafuta yanadondoka. Anachotaka kwangu ni tredi tepu, ile ya kuzungushia kwenye tredi, yaani meno ya nati. Tepu nitaifikia. Kwanza tumalizane na hiyo "imeingia".

Nati ya breki kuingia kwenye tundu hakuthibitishi chochote. Toyota hizi zilizojaa Dodoma, kwenye paipu zile nyembamba za breki, hutumia nati ya M10 yenye hatua ya 1.0, maana yake unene wa milimita 10, na kutoka jino hadi jino milimita moja. Land Rover za Series (ya mwisho, Series III, ilitengenezwa 1971 hadi 1985) na gari nyingi za Kimarekani kwa kawaida zinatumia tredi za inchi: 3/8 UNF (UNF ni mfumo wa inchi wa meno membamba), meno 24 kwa inchi. Igeuze hiyo iwe milimita, unapata unene wa 9.525 na hatua ya 1.058. Tofauti ya unene haifiki nusu milimita. Kwa macho, hasa nati ikiwa na kutu na vumbi la Chamwino, huzitofautishi, na anayekwambia anazitofautisha kwa macho anakudanganya.

Sasa angalia kinachotokea. Nati ya 3/8 ukiiweka kwenye tundu la M10 inaingia kwa vidole, laini kabisa, na fundi anafurahi. Lakini meno yanashikana kidogo zaidi ya nusu ya kina chake. Akikaza kwa spana, inabana, kwa sababu mdomo wa paipu umefika chini, si kwa sababu tredi zimekubaliana. Anatoa upepo, anakanyaga pedali hapo uwanjani, pakavu. Mteja analipa na kuondoka. Siku akiteremka mlima wa Nyang'oro akitokea Iringa na mzigo nyuma, ng'ombe akakatiza, mguu unakwenda chini kwa uzito wote. Hapo presha ndani ya paipu inaweza kupita bar 100, wakati tairi lako lina kama bar 2.5. Meno yale ya nusu yanachanika na nati inachomoka na paipu yake.

Kinyume chake hakuui barabarani, kinakuua mfukoni. Nati ya M10 kwenye tundu la 3/8 inashika uzi mmoja, miwili, kisha inagoma. Fundi mwenye busara angeitoa. Wetu anasema "ina kutu hii", anaongeza bomba kwenye spana, na tredi za master silinda, ile silinda kuu inayosukuma mafuta ya breki, zinaondoka. Nati ni bei ya soda. Master silinda ya gari la zamani utauza mbuzi.

Wapo pia wanaochukua tapu (chuma cha kuchongea tredi ndani ya tundu) ya bolti ya milimita kumi "kusafisha tundu". Bolti ya kumi ya kawaida kwenye gari za Kijapani ina hatua ya 1.25. Tundu la breki ni 1.0. Hujasafisha, umelilima upya.

Kupima ni kazi ya dakika mbili. Vernia kwenye tredi za nati: M10 iliyotumika itasoma 9.8 au 9.9, na 3/8 itasoma 9.4 au 9.5. Ukisoma 9.5 usijiambie "imelika tu". Halafu geji ya tredi, vile vibati vyenye meno vya kulinganishia hatua. Huna geji? Chukua nati mpya ambayo una hakika nayo, ilaze meno kwa meno na ile ya zamani, ziinue juani, na jua Dodoma halijawahi kuadimika. Zikiwa za aina moja meno yanazama mwanzo hadi mwisho. Zikiwa tofauti, upande mmoja zinalala vizuri na upande wa pili mwanga unapenya, kwa sababu kwenye meno kumi tofauti imeshafika zaidi ya nusu milimita. Fanya hivyo kwa kila nati ya gari, usipime moja ukahukumu zote. Land Rover iliyotumika misheni, ikaenda halmashauri, ikaishia mnadani, imepita mikono mingi, na nimekuta tairi la kushoto lina tredi za inchi na la kulia za milimita.

Tredi zikiwa sahihi bado kuna mdomo wa paipu, na hapa hata mafundi wazuri wanateleza. Kuna dabo fleya, mdomo uliopanuliwa kwa nyuzi 45 na kukunjwa mara mbili, ambao ndio wa Toyota na wa Kimarekani. Kuna na ule uliovimba kama kitufe, unaopatikana kwenye gari nyingi za Ulaya. Mulika tochi ndani ya tundu. Ukiona koni imejitokeza kukutazama, hapo panataka dabo fleya. Ukiona koni imezama, panataka kitufe. Nati zenyewe nazo zinatofautiana: ya kitufe ina uso bapa, ya dabo fleya uso wake umechongwa kufuata mteremko wa mdomo. Ukichanganya, utakaza mpaka kesho na itavuja tu. Na fleya ya mkunjo mmoja, ile ya haraka haraka, achia mafundi wa friji. Kwenye breki inapasuka.

Ndiyo nafika kwenye tepu. Tredi za nati ya breki hazizuii mafuta. Kazi yake ni kusukuma mdomo wa paipu ukae kwenye koni, chuma kwa chuma, na hapo ndipo mafuta yanapozuiliwa. Fundi bomba anazungushia tepu kwa sababu kwake maji yanazuiliwa na tredi. Kwako mafuta yakishafika kwenye tredi tayari umeshindwa, na tepu inakuficha tu kushindwa huko kwa siku chache. Kipande kikikatika kinaingia kwenye mfumo, na master silinda ina vitundu vyembamba mno. Kikiziba kimoja, breki zinashika zenyewe na haziachii mpaka ulegeze nati.

"Basi kaza zaidi." Hapana. Kwa nati ya M10 Toyota wanaandika 15 Nm, nguvu ya mkono kwa spana fupi. Inayovuja kwa nguvu hiyo ina mdomo mbaya au tredi mbaya, na kukaza zaidi kunapasua mdomo. Tena tumieni spana ya nati za paipu, ile ya duara iliyopasuliwa upande mmoja. Spana ya kawaida ya mdomo wazi inakula kona za nati, halafu mnanyanyua vaisi-gripu, halafu mnakuja kwangu.

Dhana nyingine inanisikitisha kuliko kuniudhi, kwa sababu inawafanya watu waegeshe magari mazima chini ya mti: kwamba nati za gari la zamani hazipatikani nchini, mpaka uagize Uingereza. Nati si spea ya gari fulani. Muuza duka ukimwambia "naomba nati ya breki ya Land Rover ya 1978" atakwambia hana, na anasema kweli, kwa sababu yeye anapanga rafu kwa jina la gari. Mwambie tredi (3/8 UNF), unene wa paipu kwa nje (nyingi ni milimita 4.75, ambayo ndiyo 3/16 ya inchi), aina ya mdomo, na kama nati ni dume (tredi nje) au jike (tredi ndani). Ukiwa na mambo hayo manne, muuza spea wa Kariakoo atakutafutia kwa simu na kukutumia kwa basi, na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 hukosi mtu wa kukubebea. Fundi wa leithi naye anaweza kukuchongea kutoka chuma cha pembe sita, mradi umpelekee sampuli na paipu, asikisie.

Ila kabla ya yote hayo, nati unayoitafuta kwa kawaida iko kwenye gari lako. Paipu ndiyo iliyooza. Usiitupe na nati yake. Ilowanishe na mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha, kata paipu karibu na nati, itelezeshe itoke, isugue kwa brashi ya waya, kagua meno na kona, uivishe kwenye paipu mpya kabla hujafanya fleya. Kabla, si baada. Nafurahi kila ninapomwona fundi kijana anamaliza fleya safi kabisa kisha anagundua nati iko mezani.

Paipu mpya iwe ya chuma ya breki au ya shaba iliyochanganywa na nikeli. Shaba tupu ya friji inakunjika vizuri na ndiyo maana inapendwa, lakini mtikisiko wa barabara ya vumbi unaikakamaza mpaka inapata ufa, na ufa hauna taarifa. Viungo vya kubana kwa pete, vya maji au vya gesi, sitaki hata kuviona. Kuchomelea paipu ya breki vilevile.

Gololi nayo. Wapo wanaotia gololi ya bearingi kwenye paipu ya tairi moja ili kuziba uvujaji "mpaka nati ipatikane". Gari litavuta upande mmoja kila ukikanyaga, na hiyo "mpaka" huwa inazidi mwaka. Mafuta ya injini au ya haidroliki kwenye breki kwa sababu DOT 3, mafuta yenyewe ya breki, imeisha dukani: yanavimbisha mipira yote, na hapo utatafuta vikombe vya silinda ambavyo ni vigumu kupata kuliko nati.

Ukija gereji, njoo na paipu yote ya zamani, hata kama imevunjika vipande vitatu, na nati zake zikiwa bado zimevaa. Usizisafishe njiani.